Pesa za bure zinazoomba pesa

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya watoto wanaosinzia juu ya daftari jioni, na asante kwa wote walionisimamisha njiani kunipa mawazo yao. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi wameniuliza, lakini kila mmoja pembeni, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza dawa ya ugonjwa wa haya: ile barua iliyoingia katika imeli, inayosema kuna pesa, au kazi, au bursi ya mtoto, na inayodai kitu kidogo tu kabla. Je, ni ya kweli?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Lakini kusema hapana hakutoshi, maana kesho itakuja barua nyingine iliyovaa nguo nyingine, na mimi sitakuwa karibu. Basi tuifungue pamoja na kuisoma sawa vile tunavyosoma dikte darasani, mstari kwa mstari.

Kwanza niwajibu wale wanaosema, "Mwalimu, hiyo haituhusu, sisi hatuna imeli." Mama, kama una telefone ya kugusa, ya Android, na unaingiza programu kupitia Play Store, basi imeli unayo. Telefone hizo zinadai akaunti ya Google, na akaunti hiyo ndani yake mna imeli. Labda aliifungua kijana aliyekuuzia telefone, labda ni mtoto wako mwenyewe. Na vikundi vyetu vingi vina imeli tangu siku ile tulipojaza karatasi za shirika fulani tukakuta mstari unaouliza "adresse e-mail". Tangu hapo tumeiandika kwenye bango, kwenye orodha za semina, kwenye barua za kuomba msaada. Mwizi hahitaji kuitafuta sana.

Sasa soma barua hii. Nimeitunga mwenyewe kwa kufuata zile zinazozunguka, nimeigeuza tu kutoka Kifaransa:

"Kwa wapendwa wafadhiliwa. Tuna furaha kubwa kuwajulisha kwamba kikundi chenu kimechaguliwa kati ya vikundi 40 vya wanawake wa Afrika ya Kati kupokea msaada wa dola 15 000 usiorudishwa. Ili pesa ziachiliwe, mnaombwa kulipa gharama za dosiye, dola 180, katika saa 48. Mtatuma kwa jina la mshauri wetu wa fedha. Tumeni pia picha ya kadi ya mchaguzi ya mama prezidenti na ya mtunza sanduku. Kwa usalama wenu, msimwambie mtu yeyote mpaka pesa zifike. Mungu awabariki."

Ni barua nzuri. Ina baraka mwishoni, ina hesabu, ina heshima. Tuitazame.

"Kwa wapendwa wafadhiliwa." Kikundi gani? Hakijatajwa. Barua hii inaweza kwenda kwa kikundi cha Katuba, cha Ruashi, cha Kolwezi na cha Kisangani saa ile ile, bila kubadilisha hata nukta. Anayetupa wavu hajui jina la samaki. Lakini jihadhari: siku hizi wengine wanajua jina la kikundi na la prezidenti, kwa sababu tuliyaandika wenyewe kwenye Facebook pamoja na picha. Kukosa jina ni alama mbaya. Kuwa na jina si alama nzuri.

"Kimechaguliwa." Nani aliomba? Kuna shirika gani linalotoa dola 15 000 kwa watu ambao halijawahi kuwaona, halijauliza hata wanalima au wanashona? Wamama mliopitia kazi za misaada mnajua vizuri zaidi yangu. Kabla ya kupata cherehani mbili tu, wanakuja kuhesabu wanachama, wanaomba daftari za sanduku, wanarudi tena, wanawatia saini karatasi mpaka mikono inauma. Msaada wa kweli unachosha. Huu wa barua hauchoshi hata kidogo, mpaka unapofika mstari wa dola 180.

Hapo ndipo barua nzima ilikuwa inaelekea. Dola 15 000 ni mapambo ya kuzunguka zile 180. Fikiri kikundi cha wamama 18 wanaoweka dola 10 kila mmoja: dola 180 ni zamu moja kamili ya likelemba. Yupo mama aliyeingojea zamu hiyo kwa miezi, ya kulipa minervali ya watoto watatu au kununua magunia ya makala kabla ya mvua. Mwizi amechagua kiasi ambacho kikundi cha maskini kinaweza kukusanya kwa siku mbili. Angedai 3 000, tungecheka na kufunga telefone.

Tena zile 180 si mwisho. Ukizituma, baada ya siku mbili inakuja barua ya pili: pesa zimefika kwenye banki, lakini kuna karatasi ya kuthibitisha kwamba si pesa chafu, dola 240. Kisha notere. Kisha ushuru. Kila karatasi ina muhuri na bendera. Watu huuliza, mtu mwenye akili analipaje mara ya tatu? Analipa kwa sababu alilipa mara ya kwanza. Akiacha sasa, anakubali kwamba zile za kwanza zimekufa. Akiongeza kidogo, bado anaweza kuota kwamba zitarudi. Mwizi anaijua hesabu hiyo vizuri sana, na ndiyo anayoishi juu yake.

Kisha kuna saa 48, na kuna siri. Tazameni jinsi maneno hayo mawili yanavyofanya kazi pamoja. Haraka inakunyima usiku wa kulala juu ya jambo. Siri inakunyima dada yako, jirani yako, mume wako, mwalimu, yule mama wa kikundi ambaye daima anauliza maswali mengi na sote tunamwona msumbufu. Shirika lenye pesa halali haliogopi mtu asiulize. Mimi nikiona "usimwambie mtu" katika barua ya pesa, sihitaji kusoma mstari unaofuata.

Na kadi ya mchaguzi? Kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee tulicho nacho. Picha yake ikishikwa na mwizi, anaweza kujiita wewe: kuionyesha kwa mtu mwingine anayemdanganya, au kujaribu kuandikisha laini ya telefone kwa jina lako. Hata kama hukutuma franka hata moja, ukituma picha hiyo umeshampa kitu.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko intaneti. Huko Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, wafungwa waliandika barua kwa matajiri wakisema walikuwa watumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia, kwamba sanduku la mali limefichwa mahali, na kwamba wanahitaji pesa kidogo ili kuonyesha lilipo. Vidocq, mfungwa wa zamani aliyegeuka kuwa mkuu wa kikosi cha upelelezi cha polisi huko Paris, alizieleza barua hizo. Ziliitwa barua za Yerusalemu. Na sisi Wakongomani tumo katika historia hii. Rais Mobutu alipofariki Rabat, Maroko, tarehe 7 Septemba 1997, hazikukawia kutembea duniani barua zilizojidai zimetoka kwa mjane wake au mtoto wake: kuna mamilioni ya dola yamefichwa, nisaidie kuyatoa, utapata sehemu yako, lakini kwanza lipia gharama ndogo. Watu wa Ulaya na Amerika wenye shule kubwa walilipa. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba mama anadanganywa kwa sababu hakusoma. Kule Nijeria wizi wa namna hii unaitwa "419", kwa sababu ni namba ya kifungu cha sheria yao ya jinai kinachohusu kupata mali kwa udanganyifu.

Hapa najua kuna mama atakayeinua kidole. "Mwalimu, lakini hata shule inadai pesa ya kuandikisha. Hata viza inalipiwa." Ni kweli, na ndiyo sababu sipendi ile kanuni ya haraka inayosema kila anayedai pesa ni mwizi. Vyuo vingine vya nje vinadai ada ya dosiye, na ni vyuo halali. Tofauti iko wapi? Kwanza, ni nani aliyeanza. Wewe ulitafuta chuo, ukakijua, ukaomba. Au chuo kilikuota usiku kikakuandikia? Pili, pesa inaingia wapi. Chuo kina akaunti ya banki kwa jina lake na kinatoa risiti. Kuna vinavyolipisha kwenye tovuti yao. Mwizi anataka pesa iende kwa mtu, kwa jina la mtu, kwa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money au Western Union, kwa sababu njia hizo mtu akishachukua pesa ameondoka nayo. Tatu, ukisema "nitakuja ofisini kulipa," wa kweli anakuelekeza ofisi, au anakuonyesha njia nyingine ya kuthibitisha. Wa uongo anakasirika.

Kwa kazi, mambo ni rahisi zaidi. Umoja wa Mataifa umeandika wazi kwamba haudai pesa yoyote katika kuajiri mtu: si ya dosiye, si ya mahojiano, si ya mafunzo. Na wale ndugu zetu wakimbizi: huduma za HCR ni za bure, pamoja na kupelekwa nchi nyingine. Anayeuza nafasi kwenye orodha anauza hewa. Vijana wetu hapa wanapata zaidi barua za kazi za migodini, za Kolwezi na Likasi, zenye alama ya kampuni kabisa, zinazodai pesa ya "visite médicale" kwa namba ya mtu kabla hawajaonana na yeyote. Mwambie kijana apeleke barua hiyo mlangoni kwa kampuni yenyewe, au apige simu kwa namba aliyoitafuta kwingine, asipige ile iliyoandikwa ndani ya barua. Namba iliyo ndani ya barua atapokea mwizi mwenyewe, kwa sauti nzuri ya sekretari.

Loteri ya Amerika, ile ya viza, nayo ina wezi wake. Serikali ya Marekani haimwandikii mtu imeli kumwambia ameshinda. Aliyejiandikisha anaangalia mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, kwa namba ya uthibitisho aliyopewa siku ya kujiandikisha. Ile barua ya pongezi yenye tai na bendera, itupe. Zaidi ya yote, kama mtoto wako hajawahi kucheza loteri hiyo, ameshindaje?

Sasa tuje kwenye anwani, kwa sababu hapo telefone yako inaweza kukusaidia. Jina linaloonekana juu ya barua ni kama jina lililoandikwa kwa rangi kwenye kibanda: mtu yeyote anaweza kuandika "Banki" juu ya mlango wa choo. Gusa jina hilo, au kile kishale kidogo kilicho karibu na maneno "à moi", ili uone anwani kamili. Tazama kinachofuata alama ya arobase, ile a yenye mkia. Shirika kubwa la dunia halitumii gmail wala yahoo kuandika habari za dola 15 000. Na soma kutoka mwisho kwenda nyuma. Anwani za Umoja wa Mataifa nyingi zinaishia na un.org. Ukiona un.org.kazi-congo.com, mwisho wake ni kazi-congo.com, hiyo un.org ya mbele imetundikwa kama pazia. Kwa watoto wa darasa langu nasema hivi: ukoo uko mwishoni, majina ya mbele mtu anajipa.

Hata hivyo anwani nzuri haitoshi kuleta imani. Kuna wezi wanaojua kughushi anwani yote, na kuna wanaoiba akaunti ya mtu wa kweli. Hii ya pili inauma. Unapata imeli kutoka kwa rafiki yako kabisa, anwani ni ile ile: "Niko Abidjan kwa mkutano, nimeibiwa mfuko na pasiporti, nitumie dola 200, nitakurudishia Jumatatu. Simu haifanyi kazi, nijibu hapa." Rafiki yako yuko kwake anapika bukari. Mwizi ameingia katika akaunti yake na anaandikia watu wote aliowahi kuwaandikia. Dawa ni sauti. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Hapatikani? Mpigie mume wake, dada yake, jirani. Rafiki wa kweli aliyekwama atasamehe kwamba ulichelewa saa moja.

Kuhusu Kifaransa, niseme kama mtu anayekisahihisha kila wiki. Zamani tulisema: barua yenye makosa ni ya mwizi. Msiitegemee tena kanuni hiyo. Leo kuna programu za kompyuta zinazoandika Kifaransa kisicho na kosa hata moja, kuliko cha wanafunzi wangu, na nikisema ukweli kuliko cha ofisi zetu nyingi. Makosa bado ni alama. Ila barua iliyonyooka haijathibitisha kitu.

Kuna barua nyingine ambazo hazidai pesa kabisa. Zinasema: "Akaunti yako itafungwa leo, bonyeza hapa kuithibitisha." Ukibonyeza, unaona ukurasa unaofanana na wa Google kama pacha, unaomba neno lako la siri. Ukiliandika, limekwenda. Njia salama ni kuacha barua hiyo, kufungua programu yenyewe au tovuti kwa mkono wako mwenyewe, na kuangalia kama kweli kuna tatizo. Vilevile faili zilizofungwa pamoja na barua usizokuwa unazingojea, "facture", "convocation", usizifungue mpaka umemuuliza aliyetuma, kwa sauti. Na zile namba za tarakimu sita zinazokuja kwa SMS ni ufunguo wa mlango wako. Hakuna mfanyakazi wa Google, wa WhatsApp wala wa banki anayehitaji umsomee.

Barua ya mchumba mzungu mjane, mwanajeshi au injinia wa mafuta, nitaipita haraka, mnaijua. Naye siku moja sanduku lake la zawadi litakwama kwenye duane.

Ufanye nini basi ikifika? Usijibu. Hata kumtukana usimtukane, ingawa najua baadhi yenu mna kipawa: jibu lolote linamwambia kwamba upande huu kuna mtu anayesoma. Usibonyeze kitu ndani yake. Katika Gmail gusa nukta tatu juu, chagua "Signaler comme spam". Lakini kama ni barua ya jina la kikundi, usiifute kabla wenzako hawajaiona, maana kesho itaenda kwa mtunza sanduku.

Na kama tayari umefanya? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wamama wengi wanapopotea. Mama aliyetuma pesa ya kikundi haogopi mwizi, anaogopa kicheko. Anaogopa mume kusema "nilikuambia", anaogopa mkutano wa Jumamosi. Kwa hiyo ananyamaza, na anakopa kwa riba ili kurudisha kimya kimya, au anamlipa mwizi mara ya pili akitumaini kumaliza jambo bila mtu kujua. Saa zile ambazo angeweza kuokoa kitu zinapita katika ukimya. Nasema kwa ukali kidogo: kikundi kinachomcheka mama aliyedanganywa kinamsaidia mwizi kazi yake. Maswali ya kwa nini na vipi yana siku yake. Siku ya kwanza ni ya kupiga simu.

Kama ulituma kwa telefone, pigia kampuni ya telefone yako mara moja, au kimbia kwenye ajansi yao, ukiwa na SMS ya kutuma yenye namba ya muamala. Kama mwizi hajatoa pesa, kuna nafasi ya kuzizuia. Kama ni Western Union, rudi palepale ulipotumia na risiti mkononi. Akikawia kuchukua, inaweza kusimamishwa. Akishachukua, ni vigumu. Kama ulitoa neno la siri, libadilishe saa hiyo hiyo, na popote pengine ulipotumia neno lile lile libadilishe pia. Kisha ingia katika mipangilio ya akaunti, angalia namba ya telefone na imeli ya kurudishia akaunti ni zako bado, toa telefone usizozijua zilizoingia humo, na washa ile inayoitwa "validation en deux étapes". Waambie watu wako wasipokee barua za pesa kwa jina lako. Hifadhi kila kitu: barua, namba, majina, picha za skrini. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Code du numérique, sheria inayohusu pia makosa ya kwenye intaneti, na mtu anaweza kupeleka malalamiko polisi au kwa prokirere. Siwaahidi kwamba pesa zitarudi. Lakini jina lako likija kutumiwa kesho kumdanganya mwingine, utakuwa na karatasi inayoonyesha kwamba ulipiga kelele mapema.

Na mngojeeni mwizi wa pili. Baada ya wiki chache anaandika mtu anayejiita wa Interpol, au avoka, au ofisi ya kurudishia watu mali iliyoibiwa. Anajua kiasi ulichopoteza mpaka senti. Anakijua kwa sababu ni yule yule wa kwanza, au amenunua jina lako kwake. Anataka dola 100 tu za kufungua kesi.

Linabaki jambo la vikundi vyenyewe, na hili ningependa liingie katika agenda ya mkutano ujao. Imeli ya kikundi ni ya nani? Nimekuta mara nyingi kwamba ilifunguliwa na kijana mmoja wa siberkafe, kwa namba yake ya telefone, kwa neno la siri analolijua yeye tu, naye amekwenda zake Kinshasa. Hiyo ni sawa na kumwachia mpita njia ufunguo wa sanduku. Ifungueni upya kwa namba ya telefone ya kikundi, wamama wawili wajue neno la siri, waliandike katika daftari linalokaa pamoja na daftari za sanduku, na walibadilishe kila uongozi unapobadilika.

Tena andikeni mstari mmoja katika sheria za ndani: hakuna pesa ya kikundi inayotoka kwa sababu ya barua ya intaneti kabla wamama watatu hawajaisoma pamoja kwa sauti, na mmoja wao hajapiga simu kwa namba iliyotafutwa nje ya barua hiyo. Katika hao watatu muwekeni yule msumbufu wa maswali. Kazi yake imepatikana.

Wenye barua wanazozitilia mashaka walete telefone Jumamosi hii, baada ya mkutano, bila kubonyeza chochote ndani yake. Tutazisoma chini ya mti kama kawaida. Telefone iwe na chaji, tafadhali. Mnajua umeme wetu.